Nani Anasema? Nafsi Nyuma ya Neno "Kwamba"

Vitabu vya sarufi vinavyotumiwa katika shule za Kenya havina maneno mengi juu ya "kwamba". Neno hilo hutajwa katika orodha ya viunganishi, hupewa mfano mmoja wa sentensi, kisha mwandishi huharakisha kwenda kwenye ngeli na mnyambuliko wa vitenzi, ambako ndiko mitihani hukaa. Hata hivyo, mtu akitoka darasani, akashika barabara itokayo Webuye kuelekea Kitale, atafika Lugulu baada ya mwendo mfupi tu, na hapo atajikuta miongoni mwa watu ambao neno dogo la namna hii, aghalabu, hawalitamki mpaka lionyeshe ni nafsi ya nani iliyolibeba.

Lugulu inajulikana kwa hospitali ya misheni ya kanisa la Friends na kwa shule ya upili ya wasichana. Siku ya mbingu safi, upande wa kaskazini-magharibi, huonekana mlima ambao ramani huuita Elgon na wenyeji huuita Masaba. Lugha isikikayo zaidi sokoni ni Lubukusu, ikifuatwa na lugha ya jirani zao Watachoni. Kiswahili huwakutanisha wenyeji na wageni, na Kiingereza hukaa ofisini na kwenye daftari. Mtoto wa hapa, kabla hajamaliza shule ya msingi, amekwisha kuwa mfasiri. Hakuna anayemwajiri kazi hiyo wala anayemlipa, lakini anaifanya kila siku baina ya jikoni na darasa.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Katika Lubukusu, kiunganishi kinachofanya kazi ya "kwamba" hubadilika kulingana na kiima cha kishazi kikuu. Mtu akisema habari yake mwenyewe hutumia "ndi". Akimsemesha mwenzake juu ya alichokisema huyo mwenzake, ni "oli". Akimtaja mtu wa tatu, ni "ali". Katika wingi hupatikana "khuli", "muli" na "bali". Tukiazima umbo hilo na kulivika sentensi ya Kiswahili, tutapata mambo kama haya: nilisema ndi mvua itanyesha, ulisema oli mvua itanyesha, mama alisema ali mvua itanyesha, wazee walisema bali mvua itanyesha. Mvua ni ile ile. Kinachobadilika ni mlango unaoingilia habari hiyo, na kila mlango umeandikwa jina la mwenyewe.

Jambo hili limeandikwa kwa kina na mwanaisimu Michael Diercks katika tasnifu yake ya mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, na baadaye katika makala aliyoichapisha mwaka 2013. Si hulka ya Kibantu peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 umeonyesha jambo la jinsi hiyo katika Kikipsigisi, lugha ya Kinailoti. Kwa wanaisimu, ajabu yake ni ya kimuundo: tumezoea kuona kitenzi kikipatana na kiima chake ndani ya kishazi kimoja, lakini hapa kiunganishi kilichosimama mlangoni mwa kishazi tegemezi kinageuza shingo, kinatazama nyuma, na kupatana na kiima cha kishazi kilichokitangulia. Mabishano yao juu ya namna upatanisho huo unavyovuka mpaka wa kishazi ni marefu, na hayana haja ya kurudiwa hapa.

La kufikirisha zaidi ni hili. Tuchukue sentensi yenye msikiaji na chanzo cha habari: "Tulisikia kutoka kwa jirani kwamba wakulima wamevuna mahindi." Habari ni ya jirani, yeye ndiye aliyeiona, yeye ndiye aliyeitoa. Mtu angetarajia kiunganishi kipatane na jirani. Kumbe sivyo. Katika Lubukusu kinapatana na "sisi" tuliosikia: ni "khuli", wala si "ali". Anayesikia ndiye anayetiwa alama. Sarufi haimwulizi jirani alisema nini. Inamwuliza msikiaji amepokea nini. Waswahili wamesema akili za kuambiwa changanya na zako. Methali hiyo ni nasaha, na nasaha huweza kupuuzwa. Upatanisho wa kisarufi hauna hiari ya aina hiyo.

Ila kuna njia ya kutokea, na ndiyo inayolifanya suala zima liwe la kifalsafa badala ya kuwa kioja cha sarufi. Lubukusu kina kiunganishi kingine, "mbo", ambacho hakipatani na nafsi yoyote. Mara nyingi hutumika pale msemaji anapotaka kuacha nafasi baina yake na habari anayoibeba. Kinafanana na "eti" ya Kiswahili, ingawa "eti" ina ukali wa dhihaka ambao "mbo" haina daima. Waganda nao wana "mbu" yao inayofanya kazi ya karibu na hiyo. Kwa hiyo msemaji wa Lubukusu anapofika kwenye mlango wa kishazi tegemezi hana budi kuchagua: aingie na nafsi yake, au aipitishe habari bila kuiwekea mkono.

Yaliyomkuta binti mmoja wa Lugulu, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyelelewa na nyanya yake, yanaonyesha uzito wa uchaguzi huo kuliko nadharia. Mjomba wake aliyekuwa akilima Kitale alipiga simu jioni moja, akamweleza yule bibi kuwa mahindi yamekwisha kuuzwa, ila malipo hayajatoka, na huenda karo ikapatikana kabla ya Jumatatu. Bibi alipokata simu alimgeukia mjukuu wake akamweleza kwa Lubukusu: mjomba wako anasema mbo karo italetwa Jumatatu. Kesho yake binti alisimama mbele ya mhasibu wa shule, na kwa Kiswahili safi alichofunzwa akasema, "Nyanya amesema kwamba karo italetwa Jumatatu." Mhasibu akaandika katika daftari lake kwa Kiingereza kwamba mlezi ameahidi kulipa Jumatatu.

Jumatatu ikafika, karo haikufika. Binti akarudishwa nyumbani, na barua aliyopewa ilisema mlezi hakutimiza ahadi. Aliposomewa barua hiyo bibi hakukasirika, alishangaa. "Ahadi ipi? Mimi nilikuambia mbo." Binti akajibu, "Kukhu, nami nilisema hivyo hivyo." Na hapo ndipo lilipo fumbo. Tukiipima kila sentensi peke yake hatuoni mwongo. Mjomba alisema "huenda". Bibi aliifikisha habari bila kuitia nafsi yake. Binti alitumia kiunganishi pekee alichofundishwa. Mhasibu aliandika alichosikia. Hata hivyo mwanzoni mwa mnyororo huo palikuwa na shaka, na mwishoni pakawa na ahadi, tena ahadi ya mtu asiyeitoa. Shaka ile ilidondoka wapi? Ilidondoka pale "mbo" ilipogeuka "kwamba".

Wanafalsafa wa Ulaya wamelihangaikia neno hili kwa zaidi ya karne moja, japo kutoka upande mwingine. Mwaka 1892 Mjerumani Gottlob Frege alionyesha kuwa sentensi ikitanguliwa na maneno kama "anaamini kwamba" hubadilika tabia. Nje ya kishazi hicho, majina mawili ya kitu kimoja yaweza kubadilishana nafasi pasipo ukweli kuharibika. Ndani yake, hayawezi. Mfano wake ulikuwa wa nyota ya asubuhi na nyota ya jioni. Lugulu hakuna haja ya kutazama nyota, mlima unatosha. Masaba ndio Elgon, na kilele chake kina mita 4,321 kwa jina lolote utakaloliita. Lakini mtoto aliyesimuliwa na wazee juu ya Masaba, na kisha akakariri Elgon katika somo la jiografia, anaweza kwa muda mrefu kuamini kwamba babu zake walishuka kutoka Masaba bila kuamini kwamba walishuka kutoka Elgon. Mlima ni mmoja. Mtoto naye ni mmoja. Imani ni mbili. Neno "kwamba" ndilo linalozitenga, kwa kuwa likishatamkwa hatuzungumzii tena mlima wenyewe, tunazungumzia mlima kama unavyokaa ndani ya mtu.

Frege, hata hivyo, alikuwa akiangalia kilichomo ndani ya kishazi. Lubukusu kinauliza juu ya aliyesimama mlangoni. Maswali hayo mawili si mamoja, na pengine mantiki iliyoandikwa kwa lugha ambazo kiunganishi chake hakina nafsi ilichelewa kuliona la pili kwa sababu hiyo hiyo. Hili ni dai la kupimwa, si la kushangiliwa.

Kiswahili nacho kimesimama wapi? Msomaji atakumbuka kuwa "kwamba" yenyewe ni kitenzi kilichozeeka: ni kitenzi-jina "kuamba", yaani kusema, kitenzi ambacho hakitumiki tena sana peke yake lakini kingali hai ndani ya "ambia" na "ambaye". Tunaposema "alisema kwamba", kwa hakika tunasema "alisema kusema". Mwenzake ni "kuwa", nacho ni kitenzi-jina: "alisema kuwa". Walimu huwaambia wanafunzi kuwa maneno haya mawili ni sawa na yanaweza kubadilishana, na katika mtihani ni kweli. Lakini kimoja kimetoka katika kusema na kingine katika kuwa, na vyote viwili, kwa kuwa ni vitenzi-jina, havina mtenda. Ni kusema kusiko na msemaji na kuwa kusiko na aliyepo. Katika Lubukusu, umbo "ndi" linafanana na umbo la kusema "mimi ni" au "mimi nipo", na "ali" na lile la "yeye yupo". Kufanana kwa maumbo si ushahidi wa asili moja, na anayetaka kujenga metafizikia juu ya mfanano huo ajue kwamba anajenga juu ya mchanga. Lakini sikio la Mbukusu anayejifunza Kiswahili huusikia mfanano huo, na huenda ndiyo sababu baadhi yao hupendelea "kuwa".

Upungufu huu wa nafsi katika kiunganishi haukifanyi Kiswahili kuwa lugha isiyojali nani anasema. Kinajali sana, isipokuwa alama zake kimeziweka kwingine. Kuna "eti" na "ati". Kuna "inasemekana", kitenzi ambacho magazeti hukipenda kwa vile kinazungumza pasipo mdomo. Kuna "nimesikia kwa masikio yangu". Zaidi ya yote kuna uwezo wa kukiacha kiunganishi kabisa: "Alisema atakuja." Katika sentensi hiyo ahadi imebaki mbichi, na kiambishi "-ta-" ni kile kile alichokitamka mwenyewe.

Na hapa ndipo shule inapolifanya jambo kuwa gumu zaidi ya lilivyo. Kila mwanafunzi wa Kenya aliyefanya mtihani wa kidato cha nne ameulizwa abadilishe usemi halisi uwe usemi wa taarifa. "Nitakuja kesho" hugeuzwa ikawa "Alisema kwamba angekuja siku iliyofuata." Kubadili "kesho" kuna mantiki yake, maana kesho ya msemaji si kesho ya msimulizi. Lakini kwa nini "-ta-" igeuke "-nge-"? Katika Kiswahili "-nge-" ni kiambishi cha masharti: angekuja, kama si mvua, angekuja, lau angekuwa na nauli. Anayesikia "alisema angekuja" anangoja kusikia kilichomzuia. Ni vigumu kuiona kanuni hii isipokuwa kama kivuli cha Kiingereza, ambamo kitenzi cha wakati ujao hubadilika umbo katika usemi wa taarifa. Kanuni ya lugha nyingine imepewa sare ya shule na kuitwa sarufi yetu. Hasara yake si ya alama za mtihani tu: mtoto anafundishwa kuwa kuripoti ahadi ya mtu ni kuitia shaka, na papo hapo ananyimwa chombo cha kuripoti shaka ya kweli, kwa kuwa "eti" haikubaliwi katika insha rasmi. Binti wa Lugulu alikuwa na "mbo" mkononi, na darasa halikumpa mahali pa kuiweka.

Inafaa kujihadhari hapa na mtego uliowanasa wengi. Mwaka 1956 padri Alexis Kagame wa Rwanda alichapisha kitabu alichojenga falsafa nzima ya kuwako juu ya ngeli za Kinyarwanda, akagawa viumbe katika mafungu ya muntu, kintu, hantu na kuntu. Ni kazi ya akili kubwa, na kila anayesoma "mtu", "kitu" na "mahali" kwa makini anamwonea wivu. Lakini Paulin Hountondji wa Benin aliikosoa vikali falsafa ya namna hiyo, inayomhesabia kila mzungumzaji mawazo ambayo hakuwahi kuyafikiri. Kwa kipimo hicho, haifai kusema kwamba Wabukusu ni wakweli kuliko Waswahili kwa sababu ya "ndi" na "ali". Waongo wa Lugulu hudanganya wakiwa na upatanisho kamili wa kisarufi. Sarufi haimlazimishi mtu awe mkweli. Inamlazimisha aamue hadharani amesimama wapi, na mtu anaweza kuamua kwa hila.

Suala hili lina uso wa kisheria pia. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, katika kifungu cha 63, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: kama ni jambo lililoonekana, aliyeliona aseme, kama lilisikika, aliyelisikia. Katiba ya mwaka 2010 nayo inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani pasipo malipo. Shahidi asimamaye kizimbani na kusema kwa Lubukusu anatoa, kwa kila kishazi, taarifa ambayo sheria yenyewe inaitafuta: hili nimelipokea kuwa langu, hili nalipitisha tu. Mkalimani akifasiri yote kwa "kwamba", au kwa kiunganishi cha Kiingereza ambacho nacho hakina nafsi, taarifa hiyo inapotea kabla hakimu hajaanza kuandika, na wakili atamhoji shahidi kwa saa nzima akitafuta kitu ambacho kilikwisha kutolewa. Ni jambo la kushangaza kwamba misheni iliyokita Lugulu ni ya Friends, waumini ambao tangu Uingereza ya karne ya 17 wamekataa kula kiapo kwa hoja kuwa ndiyo ya mtu iwe ndiyo kila siku, si mbele ya hakimu peke yake. Hakuna aliyewaeleza waasisi wale kuwa walikuwa wakihubiri jambo hilo kwa watu ambao "kwamba" yao huja ikiwa na jina la msemaji.

Katika vyuo vyetu, anayetaka kuandika juu ya nafsi katika fasihi ya Kiswahili hukimbilia Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, na hakosei. Lakini ziko kazi nyingine zilizo jirani zaidi na Bungoma. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, aliwahoji wazee waliosifika kwa hekima katika jamii mbalimbali za Kenya, akitaka kuonyesha kuwa falsafa haikuletwa kwa meli. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1990. Miongoni mwa wazee hao yumo Mbukusu, Okemba Simiyu Chaungo, ambaye aliulizwa ukweli ni nini. Alijibu, kwa muhtasari, kuwa ukweli ni kitu kuwa vile kilivyo, akatolea mfano chupa: ni kweli kwamba hii ni chupa, basi. Wasomi wameilinganisha kauli hiyo na nadharia za Wagiriki, wengine wakaiona nyepesi. Ila mahojiano hayo yamewafikia wasomaji kwa Kiingereza, na katika Kiingereza kila kiunganishi kiko uchi. Haionekani wapi mzee alisema jambo kwa nafsi yake na wapi alifikisha la wahenga.

Mwanafunzi atakayejitolea kukifasiri kitabu hicho kwa Kiswahili atalikuta tatizo hili katika ukurasa wa kwanza wa mahojiano. Atafika kwenye kiunganishi, atanyanyua kalamu, na mbele yake patakuwa na "kwamba", "kuwa", "eti", na ile nafasi tupu isiyo na neno.